Barua ya wazi kwa watunga mitihani: muulizeni mtoto amejuaje

Kwa wajumbe wa kamati za taaluma mnaotunga mitihani ya Sayansi na Jiografia, kuanzia darasa la sita hadi kidato cha pili.

Waheshimiwa walimu,

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya kata, pwani ya Tanga. Nawaandikia hadharani kwa sababu haya yameshasemwa mno pembeni, kwenye meza za kusahihishia na vyumba vya walimu, na bado kila muhula mtihani wa ujirani mwema unarudi na swali lilelile: taja hoja sita zinazothibitisha kwamba dunia ina umbo la tufe. Mwongozo wa kusahihisha nao haubadiliki. Meli inayokuja huonekana mlingoti kwanza. Watu wameizunguka dunia. Kivuli cha dunia juu ya mwezi ni cha mviringo. Kuna picha zilizopigwa kutoka angani. Jua huchomoza mashariki kabla ya magharibi. Upeo wa macho ni wa mviringo. Nguzo tatu zilizosimikwa majini hazilingani. Alama moja kwa kila hoja, mtoto anaenda swali linalofuata.

Mada ya mfumo wa jua ni ya pekee katika masomo yetu. Hapo mtoto anaambiwa kwa mara ya kwanza jambo linalopingana waziwazi na macho yake. Anaona ardhi imetandaa, tunamwambia ni tufe. Anaona jua linatembea, tunamwambia anayetembea ni yeye. Kama kuna mahali pa kumfundisha maana ya ushahidi, ni hapo. Sisi tumepageuza mahali pa kumzoesha kukubali tu, na mitihani yenu ndiyo inayotufunga mikono, kwa sababu mzazi, mkuu wa shule na ofisa elimu wote wanatupima kwa ufaulu. Kisichoulizwa hakifundishwi. Nayasema malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Mnapima kutaja, halafu mnakuita kuelewa.

Mwaka 1992 Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto 60 wa shule ya msingi huko Illinois, Marekani. Walipowauliza dunia ina umbo gani, wengi walijibu vizuri tu kwamba ni ya mviringo. Watafiti hawakuishia hapo. Waliwauliza: ukitembea moja kwa moja siku nyingi utafika wapi? Dunia ina ukingo? Mtu anaweza kuanguka? Watu wanaishi sehemu gani? Hapo ndipo yalipofichuka mambo. Wapo waliodhani kuna dunia mbili, moja bapa tunayoikanyaga na nyingine ya mviringo iliyoko juu angani. Wapo waliodhani dunia ni tufe lenye uwazi ndani, na sisi tunaishi humo, juu ya sakafu bapa. Katika mtihani wetu watoto wale wangepata vema. Swali la pili ndilo linaloonyesha kilichomo kichwani, na swali la pili katika karatasi zenu halipo.

2. Hoja dhaifu na hoja nzito mnazipa alama sawa.

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa hiyo mnivumilie nikikaa hapa.

Chukueni hoja ya kuizunguka dunia. Safari ya Magellan iliondoka Hispania mwaka 1519, yeye mwenyewe akauawa Ufilipino mwaka 1521, na Elcano ndiye aliyeirudisha meli iliyobaki mwaka 1522. (Vitabu vingi tunavyotumia bado vinamwandika Magellan kuwa ndiye aliyeimaliza safari.) Safari hiyo peke yake haithibitishi tufe. Mtu anaweza kuelekea magharibi, akazunguka katikati ya sahani bapa na kurudi alikotoka. Itakuwa hoja nzito tukiiunganisha na vipimo vya nyota na umbali wa njia, lakini hilo mtoto haulizwi. Upeo wa macho wa mviringo ni vilevile: ukisimama katikati ya uwanja bapa usio na mwisho, bado utauona duara kukuzunguka. Kinachothibitisha ni kwamba upeo unasogea mbali kadiri unavyopanda juu, na kwamba kilichojificha chini yake kinajitokeza. Mvuvi anayepanda mlingoti kutafuta nchi kavu anaitumia hoja hii, na mtoto wake anasoma katika darasa langu.

Kisha kuna usiku na mchana. Karatasi baada ya karatasi, mwongozo unamkubalia mtoto aliyeandika kwamba usiku na mchana vinathibitisha dunia inajizungusha kwenye mhimili wake. Havithibitishi, waheshimiwa. Jua likiizunguka dunia iliyotulia, usiku na mchana vitakuwepo vilevile, na ndivyo watu wenye akili timamu walivyoamini kwa karne nyingi. Anayetaka ushahidi wa kujizungusha amwendee Léon Foucault, aliyetundika pendulamu ndefu mjini Paris mwaka 1851 na kuonyesha watu jinsi mwelekeo wa kubembea kwake unavyogeuka taratibu. Au aje karibu zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa nini karibu na ikweta, na kwa nini kuelekea mashariki? Kwa sababu kwenye ikweta ardhi yenyewe inakwenda mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na roketi inaondoka ikiwa na mwendo huo tayari. Swali hilo lingemfikirisha mtoto wa kidato cha pili na lingemfurahisha pia.

Kuna pia ushahidi wa uongo. Nanyuki, ikweta inapopita, wapo wanaowaonyesha wageni maji yakitoka kwenye tundu la beseni: hatua chache kaskazini yanazunguka upande huu, hatua chache kusini upande ule. Wanaambiwa hiyo ni nguvu ya dunia inayojizungusha. Kwa beseni dogo kama lile na umbali wa hatua chache tu kutoka ikweta, nguvu hiyo ni ndogo mno. Maji yanafuata jinsi yalivyomiminwa na jinsi beseni lilivyoshikwa. Dunia inajizungusha kweli, lakini onyesho lile si ushahidi wake. Mwanafunzi anayeweza kukubali hitimisho na papo hapo akaukataa ushahidi mbovu unaoliunga mkono ameelewa. Nionyesheni swali moja katika mitihani yenu linalomtafuta mwanafunzi huyo.

Hata zile nguzo tatu mnazozipenda zina kisa ambacho hatuwapi watoto. Kwenye mfereji mmoja ulionyooka wa Old Bedford, Uingereza, Samuel Rowbotham alidai mwaka 1838 kwamba ameona maji ni bapa. Mwaka 1870 Alfred Russel Wallace akapima mfereji uleule na kuuona mbinuko. Rowbotham aliweka jicho karibu sana na uso wa maji, mahali ambapo hewa hupinda mwanga. Wallace alipandisha vipimo vyake juu. Wawili, mfereji mmoja, majibu mawili. Mpeni mtoto kisa hicho katika aya moja na mumuulize nani alipima vizuri na kwa nini. Mtajua mengi kuliko mnavyojua kwa neno "nguzo tatu" lililoandikwa kwenye mstari mmoja.

3. Mbingu iko juu ya vichwa vya watoto wetu, na mtihani unajifanya haipo.

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote mbele ya macho yetu. Kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne ulikuwa mwekundu kama shaba, na kabla ya hapo kila mwenye macho aliweza kuona ukingo wa kivuli ukiukata, na ukingo ule ulikuwa wa mviringo. Aristotle alishaitumia hoja hii zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Uzito wake ni kwamba kivuli hicho ni cha mviringo kila mwezi unapopatwa, hata uwe upande gani wa anga. Sahani ingetoa kivuli cha yai, au hata mstari mwembamba, ikiangaziwa kwa ubavu. Tufe pekee ndilo linalotoa duara kila mara. Watoto waliliona tukio hilo. Nani aliwauliza chochote juu yake?

Tazameni pia mwezi mwandamo. Mtoto wa pwani anajua kuutafuta tangu angali mdogo: unasimama baada ya magharibi, unatazama pale jua lilipozama, unauona mwembamba. Sasa mwambieni kwamba wanafunzi wengi wanaamini umbo la mwezi mwembamba linasababishwa na kivuli cha dunia, kisha mumuulize kama mahali alipouona mwezi panaafikiana na maelezo hayo. Kivuli cha dunia kinaelekea upande wa pili wa jua. Mwezi mwandamo uko upande wa jua. Hauwezi kuwa ndani ya kivuli hicho. Mtoto hahitaji darubini wala kitabu kulijibu swali hili. Anahitaji kukumbuka alichoonyeshwa na babu yake na kukifikiria. Wa ukoo wa wavuvi ana zaidi ya hayo: anajua bamvua inakuja wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu, na maji mafu yanaangukia katikati. Huo ni ushahidi wa mpangilio wa jua, mwezi na dunia, umo nyumbani kwao, na shuleni anauacha getini.

Wa bara nao wana vyao. Songwe wana Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lenye uzito wa tani 16 hivi. Mitihani inauliza kimondo ni nini. Ulizeni: hakuna aliyeshuhudia bonge hili likianguka, basi wanasayansi wanajuaje kwamba limetoka angani? Nikeli iliyochanganyika na chuma kile ndipo pa kuanzia jibu. Tanga na Kigoma ziko karibu latitudo moja na zinatumia saa moja, lakini jua la Kigoma huchomoza karibu dakika 40 baada ya letu. Shule mbili, simu moja, asubuhi moja, na hoja ya kuchomoza kwa jua inakuwa kipimo ambacho watoto wamekichukua wenyewe.

Na kama mnataka kubwa zaidi, Songea iko kusini ya Arusha kwa nyuzi 7 na kidogo, yapata kilomita 800 kwa mstari ulionyooka. Hizo karibu ndizo nyuzi alizotumia Eratosthenes kati ya Syene na Alexandria alipokadiria mzingo wa dunia zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Tarehe 21 Juni, jua likiwa juu kabisa mchana, fimbo ya mita moja iliyosimamishwa wima Arusha inatoa kivuli cha sentimita 50 na nusu hivi. Songea karibu sentimita 68. Wekeni namba hizo katika karatasi pamoja na umbali. Mtoto achore kwa vipimo, apime pembe mbili kwa protrakta, atoe ndogo kwenye kubwa, apate mzingo wa dunia. Atakaribia kilomita 40,000. Karatasi, rula, protrakta. Hakuna shule inayoshindwa.

4. Historia mmeifanya orodha ya majina.

Nani aligundua miezi ya Mshtarii? Galileo. Mwaka gani? 1610. Vema mbili. Lakini alichokifanya Galileo kinafaa kabisa kuwa swali la data. Tarehe 7 Januari aliona vinyota vitatu vimepangana karibu na Mshtarii. Usiku uliofuata vilikuwa vimehama. Tarehe 13 vikawa vinne. Chora usiku kadhaa kati ya hizo kwenye karatasi, kisha uliza ni maelezo gani yanayofaa zaidi, na yanaharibu nini katika wazo kwamba kila kitu kinaizunguka dunia.

Baadaye mwaka huohuo alianza kuona Zuhura ikibadilika sura kama mwezi, na kwamba inafikia kuwa karibu kamili. Katika mpangilio wa zamani wa Ptolemy hilo lisingewezekana. Ila, na hapa ndipo penye somo, bado halikuthibitisha kwamba dunia inalizunguka jua, kwa sababu mpangilio wa Tycho Brahe, ambamo sayari zinalizunguka jua na jua linaizunguka dunia, unaeleza sura zilezile za Zuhura. Ilipofika mwaka 1838 ndipo Friedrich Bessel alipopima nyota ikihama kidogo sana angani kwa sababu dunia inasafiri kutoka upande mmoja wa jua kwenda mwingine. Mtoto wa miaka 14 anaweza kuelewa kwamba ushahidi mmoja unaua wazo moja na kuyaacha mawili hai. Nimewaona wakielewa. Wakishaelewa hawasahau, tofauti na ile tarehe.

5. Sayari ngapi? Swali hili liondoeni kabisa. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliiweka Pluto kati ya sayari kibete, na bado mtoto anaadhibiwa au anasifiwa kutegemea toleo la kitabu alichokikuta shuleni. Muulizeni badala yake ni kitu gani kilichogunduliwa mbali huko, karibu sawa na Pluto kwa ukubwa, kilichowalazimisha watu kufafanua upya sayari ni nini.

6. Michoro. Mnaweka mwezi umegusana na dunia na jua kubwa kidogo kuliko embe, halafu mnashangaa mtoto anadhani mwezi unapatwa kila mwezi mpevu. Kati ya dunia na mwezi zinaingia dunia kama 30 zilizopangwa foleni. Kama hamna nafasi kwenye karatasi, andikeni chini ya mchoro kwamba haukufuata vipimo, kisha mumuulize mtoto ni nini ambacho mchoro huu unapotosha. Hilo nalo ni swali zuri.

Najua mtakachojibu, maana nimekisikia. Madarasa ni makubwa, wasahihishaji ni wachache, maswali ya kufikiri hayasahihishiki haraka. Sikubaliani. Swali la vivuli vya Arusha na Songea linasahihishwa kwa kuangalia pembe mbili na hesabu moja. Swali la mwezi mwandamo linaweza kuwa la kuchagua, mradi machaguo yawe maelezo yanayoshindana na mtoto atakiwe kuandika sentensi moja ya sababu. Toeni alama moja kwa dai, mbili kwa ushahidi uliochaguliwa vizuri, mbili kwa kueleza namna ushahidi huo unavyolibeba dai. Alama tano, mistari mitatu. Msahihishaji aliyepewa mwongozo mzuri hachelewi hapo kuliko anavyochelewa kuhesabu hoja sita.

Mtasema pia kwamba sekondari tunafanya mtihani kwa Kiingereza, na watoto waliosoma msingi kwa Kiswahili hawawezi kueleza sababu. Kweli, na inauma, kwa sababu tunawapoteza watoto wanaojua. Lakini hoja hiyo inaniunga mkono mimi. Orodha ya kukariri inampendelea aliyemeza sentensi za Kiingereza. Mchoro, jedwali, kipimo na mishale vinampa nafasi aliyeelewa lakini maneno hayamtoki.

Haya si ya kupendezesha mtihani tu. Watoto wetu wana simu, za kwao au za ndugu zao. Video za kudai kwamba dunia ni bapa zinawafikia zikiwa zimepambwa vizuri, na mwanafunzi aliyepata sita kwa sita katika swali lenu hana la kujibu, kwa sababu hoja zake sita ni maneno aliyopewa, na yule wa kwenye video naye anampa maneno. Wengine wananiuliza kwa sauti ya chini, baada ya kipindi, kama kweli serikali zinaficha. Leo ni umbo la dunia. Kesho mtu huyohuyo atamwambia kuhusu dawa, kuhusu chanjo, kuhusu mvua na mbegu, na mtoto atakuwa mtu mzima mwenye familia ya kuilinda.

Ninachoomba ni hiki. Katika mtihani wa ujirani mwema wa muhula ujao, ondoeni swali la kutaja hoja sita. Mahali pake wekeni swali moja lenye alama zisizopungua kumi, linalompa mtoto data au tukio halisi na kumtaka aseme linathibitisha nini, haliwezi kuthibitisha nini, na kwa nini. Mwongozo wa kusahihisha utolewe kwa walimu wa somo pamoja na mifano ya majibu halisi ya wanafunzi, mazuri na mabovu, ili tusahihishe kwa mizani moja. Baada ya matokeo, tupeni majibu yao tuyasome pamoja, tujue wapi wanakwama, tufundishe hapo. Na ratiba ya mafunzo kazini ikipangwa, tupewe siku moja ya kutunga maswali ya namna hii, walimu wa pwani na wa bara pamoja, kila mmoja akileta mbingu ya kwao.

Wapo walimu wa Jiografia katika kata yetu walio tayari kukaa nanyi Jumamosi yoyote, bila posho, kuandaa rasimu ya swali hilo na mwongozo wake. Tunaomba mtujibu kabla mtihani haujapelekwa kuchapwa.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Jiografia, Tanga